Goti Linalouma Usiku: Kansa ya Mfupa, Baridi Yabisi na Muda Tunaoupoteza

Habari zenu ndugu zangu, mama zangu, baba zangu, na nyie wadogo zangu mliokaa kule nyuma, asanteni sana kwa kuja. Mwanzo niliombwa niongelee kansa ya mifupa, baadae nikaambiwa hapana ongelea baridi yabisi maana ndo wengi wanaugua, nikasema jamani naomba niongelee vyote viwili kwa pamoja, na sababu ninazo. Magonjwa haya yanafika kliniki na lalamiko moja, goti linauma limevimba. Kuna dawa moja inatibu yote mawili. Kuna seli moja inakula mfupa kwenye yote mawili. Hata historia ya upasuaji wake huwezi kuitenganisha. Na kubwa kuliko yote, mwisho wa mgonjwa unategemea sana alifika lini na alifikia mikononi mwa nani, na hilo ndo hasa limenileta hapa leo, mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo.

Tuanze na kijana. Osteosakoma, ambayo ndo kansa inayoongoza kati ya zile zinazoanzia ndani ya mfupa wenyewe kwa watoto na vijana, inapenda umri ule wa kurefuka, miaka ya balehe, na inapenda pale mfupa unapokua kwa kasi, yaani mwisho wa chini wa mfupa wa paja, juu ya mfupa wa ugoko, na juu ya mfupa wa mkono karibu na bega. Kwa hiyo mbili kati ya sehemu hizo tatu ziko kwenye goti. Sasa kijana wa miaka 14 au 16 anacheza, anakimbia, anagongwa, akisema goti linauma kila mtu ana jibu tayari, umeumia mpirani, utapona. Anapakwa dawa ya kuchua, anafungwa bandeji, anakandwa maji ya moto, anapewa dawa ya maumivu, yanapungua wiki moja yanarudi. Miezi inakatika hivyo hivyo.

Maumivu ya kuogopa yana tabia yake, naomba mzishike hizi. Hayaondoki ukipumzika. Yanamwamsha mtu usiku. Yanazidi wiki hadi wiki badala ya kupungua. Na yako upande mmoja, sehemu moja, ukimwambia akuonyeshe kwa kidole anakuonyesha pale pale kila siku, halafu baadae panaanza kuvimba na uvimbe ni mgumu. Mtoto au kijana mwenye hali hiyo apigwe eksirei, sio mwezi ujao, wiki hii. Eksirei ni kipimo cha zamani na cha kawaida tu lakini kwa kansa ya mfupa kinaonyesha mengi, unaona mfupa umeliwa huku na umeota ovyo kule, unaona ganda la nje la mfupa limeinuliwa na uvimbe kwa pembeni limeacha kipembe, na wakati mwingine mistari ya mfupa mpya inachomoza nje kwenda kwenye nyama. Daktari akiona hivyo, kazi yake inayofuata ni kumpeleka mgonjwa kwa wenye utaalamu huo. Hapo nitarudi sasa hivi.

Nitoe mfano wa mtu anayejulikana dunia nzima, Terry Fox wa Canada. Novemba 1976 alipata ajali ya gari akaumia goti, mwezi uliofuata maumivu yakarudi, yeye akaamua avumilie mpaka msimu wa mpira wa kikapu uishe. Machi 1977 maumivu yakamshinda ndo akaenda hospitali, ikaonekana ni osteosakoma, mguu wa kulia ukakatwa juu ya goti, alikuwa na miaka 18. Yeye mwenyewe aliamini ile ajali ilichangia, madaktari wakamwambia haihusiani, na huo ndo ukweli tunaowaambia wazazi kila siku, kuumia hakuleti kansa hii, kuumia kunafanya mtu aangalie sehemu ambayo tayari ilikuwa na shida, na bahati mbaya kunampa kila mtu maelezo rahisi ya kumtuliza. Baadae mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia kuchangisha fedha za utafiti wa kansa, kilomita 5,373 kwa siku 143, mpaka kansa ilipoonekana kwenye mapafu akasimama. Alifariki Juni 1981 akiwa na miaka 22. Kuna kitu alichoambiwa akiwa hospitalini ambacho kwangu ndo kiini cha habari yake, aliambiwa nafasi yake ya kupona ni asilimia 50, na kwamba miaka miwili tu nyuma ingekuwa asilimia 15. Utafiti ndo ulileta tofauti hiyo, ndo maana akakimbia.

Sasa huo utafiti ulikuwa nini? Kabla ya miaka ya 1970 matibabu yalikuwa kukata mguu. Mguu unakatwa vizuri kabisa, kidonda kinapona, na baada ya miezi kansa inatokea kwenye mapafu, wengi sana wakafariki hivyo. Watu wakaelewa kwamba siku mgonjwa anafika, mbegu za kansa ndogo sana zisizoonekana kwenye picha zimeshafika mapafuni, kwa hiyo ukishughulika na mguu peke yake umeacha nusu ya ugonjwa. Hapo ndo dokta Norman Jaffe kule Boston akaanza kutumia methotreksati kwa dozi kubwa mno, dozi ambayo ingeua mtu, halafu unampa mgonjwa dawa nyingine ya kumwokoa, inaitwa leukovorini, na wenzake wengine wakaleta doksorubisini. Kule New York dokta Gerald Rosen akaanza kutoa kemo, yaani hizo dawa za kuua kansa, kabla ya upasuaji, na chanzo chake kilikuwa cha kawaida tu, kiungo cha chuma cha kumwekea mgonjwa kilikuwa kinatengenezwa kwa vipimo vyake kwa wiki nyingi, sasa mgonjwa akae tu anasubiri? Wakampa dawa wakati wa kusubiri. Kumbe kuna faida nyingine, uvimbe ukitolewa unapimwa, seli ngapi zimekufa, na zikiwa zimekufa zaidi ya asilimia 90 unajua dawa imefanya kazi.

Lakini kuna waliopinga, wakasema labda wagonjwa wa siku hizi wanapona tu wenyewe kuliko wa zamani. Ikabidi ufanyike utafiti wa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, hawa wapewe kemo baada ya upasuaji, hawa wasipewe. Majibu yalitoka mwaka 1986 na kundi la dokta Michael Link, baada ya miaka miwili waliobaki bila kansa kurudi ni asilimia 17 kwa wasiopewa na asilimia 66 kwa waliopewa. Sijui kama kuna haja ya kuongeza neno. Tangu hapo hakuna anayetibu osteosakoma ya kawaida kwa kisu peke yake, na mtu akikwambia kata tu mguu imeisha, ujue ana mawazo ya miaka hamsini iliyopita.

Na hapa niwe mkweli kwa sababu watu wengi wanapenda kusikia maendeleo tu. Tangu miaka ya 1980 hatujasogea sana. Dawa tatu zile zile, methotreksati, doksorubisini na sisplatini, ndo bado msingi. Uliwahi kufanyika utafiti mkubwa unaitwa EURAMOS-1, nchi 17, wagonjwa zaidi ya 2,200, kwa ugonjwa adimu namna hii hiyo ni kazi kubwa sana. Wakajaribu kuwaongezea dawa nyingine mbili wale ambao uvimbe wao haukufa vizuri, mwaka 2016 wakatoa majibu, haikusaidia, madhara yakaongezeka. Inauma lakini ni majibu ya thamani, yamewaepusha watoto wengi na dawa kali za bure. Leo mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujaonekana kusambaa ana nafasi ya kupona ya kama asilimia 60 hadi 70, akifika mapafu yameshaingiliwa inashuka hadi asilimia 20 na kitu au 30. Angalieni hizo namba mbili zilivyoachana, halafu fikirieni tena ile miezi ya kuchua.

Sasa nirudi kwenye mikono ya nani, maana hii sehemu huwa inapitwa haraka na mimi sitaki kuipita.

Ili ujue uvimbe ni nini lazima uchukue kinyama ukapime. Watu wanaona ni kitu kidogo, sindano au kukata kidogo, daktari yeyote si anaweza. Hapana. Njia ile sindano au kisu kilikopita inachukuliwa kuwa imeshachafuliwa na seli za kansa, kwa hiyo siku ya upasuaji mkubwa njia yote hiyo, ngozi na nyama, inatolewa ikiwa imeshikana na uvimbe. Daktari aliyechukua kinyama akipita pasipofaa, akakata kwa upande badala ya kukata kwa urefu wa mguu, au akapitia kwenye kiungo chenyewe, au damu ikavujia kwenye nyama za jirani, anakuwa amepanua eneo la kansa na mguu uliokuwa unaokolewa hauokoleki tena. Mwaka 1982 dokta Henry Mankin na wenzake waliangalia wagonjwa 329 waliochukuliwa kinyama, makosa makubwa ya kutambua ugonjwa yalikuwa asilimia 18, na wagonjwa asilimia 4.5 walikatwa kiungo bila sababu nyingine zaidi ya kinyama kilichochukuliwa vibaya. Wakatoa tahadhari, wakaandika, wakafundisha. Mwaka 1996 wakarudia kwa wagonjwa 597, mambo yakawa yale yale. Na shida zilikuwa nyingi zaidi pale kinyama kilipochukuliwa hospitali ya kwanza kabla mgonjwa hajapelekwa kwa wataalamu, mara mbili hadi mara kumi na mbili zaidi.

Kwa hiyo eksirei ikionyesha kitu cha kutisha, swali la kumuuliza daktari sio tu "ni nini hiki," muulize "je wewe ndo utakayefanya upasuaji wenyewe?" Kama sio yeye basi asiguse, amtume mgonjwa akiwa hajakatwa popote, na picha zake, kwa timu itakayopasua, picha ya MRI ifanyike kwanza kabla ya kinyama, halafu wao ndo wachague wapite wapi. Kuuliza hivyo sio kumkosea daktari heshima, daktari mzuri atafurahi.

Kuna wakati sio kansa kabisa, ni usaha ndani ya mfupa, na kuna kansa inayoigiza usaha, ile sakoma ya Ewing inaleta homa, wekundu, damu inaonyesha kuna uvimbe wa maambukizi, na mgonjwa anapewa antibayotiki wiki hadi wiki. Ndo maana wataalamu wa mifupa wanafundishwa kwamba kila kinyama cha kansa kioteshwe pia kuangalia vijidudu, na kila usaha upelekwe pia kuangaliwa kansa.

Kuhusu mguu wenyewe, siku hizi wagonjwa wengi hawakatwi. Kipande cha mfupa chenye uvimbe kinatolewa pamoja na goti, panawekwa kiungo cha chuma, na kwa watoto kuna vyuma vinavyorefushwa kwa sumaku kutoka nje bila kupasuliwa tena ili mguu ufuatane na mwenzake. Ila kuna upasuaji mmoja ambao watu wakiuona mara ya kwanza wanashtuka na mimi naupenda sana kwa ubunifu wake. Sehemu ya paja yenye kansa inatolewa pamoja na goti, mishipa ya fahamu inaachwa, halafu ile sehemu ya chini ya mguu inapandishwa juu na kugeuzwa nyuzi 180, inaunganishwa na mfupa wa paja uliobaki. Kisigino kinaangalia mbele, vidole vinaangalia nyuma, na kifundo cha mguu kinakaa usawa wa goti la upande wa pili. Kifundo hicho ndo kinakuwa goti! Mtoto akinyoosha wayo kwenda chini goti lake jipya linanyooka, akiukunja goti linakunja, wayo unaingia kwenye mguu wa bandia na anakimbia, anaruka, anacheza mpira na wenzake, hakuna chuma ndani cha kulegea. Na huo upasuaji haukuanzia kwenye kansa, daktari Mjerumani aitwae Borggreve aliufanya mwaka 1927 kwa mtoto aliyeharibiwa goti na TB, na miaka ya 1970 ndo madaktari wa Vienna wakauleta kwenye osteosakoma. Wazazi wengi wanaukataa kwa sababu ya muonekano, nawaelewa kabisa, ila naomba kabla ya kukataa muombe kukutana na kijana aliyefanyiwa, mumuone akitembea.

Haya, tuje kwenye baridi yabisi, na daraja letu ni ile methotreksati.

Mtoto mwenye osteosakoma anapewa methotreksati gramu 12 kwa kila mita moja ya mraba ya eneo la mwili, kijana wa mita 1.5 anapata gramu 18 kwa dripu ya masaa manne hivi, analazwa, anamiminiwa maji mengi, mkojo unafanywa usiwe na asidi ili dawa isigande kwenye figo, kesho yake leukovorini inaanza na damu inapimwa kila siku mpaka dawa iishe mwilini. Mgonjwa wa baridi yabisi, namaanisha ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe, anapewa dawa hiyo hiyo miligramu 10, 15, mpaka 25, tena mara moja kwa wiki. Tofauti ni kati ya mara mia saba na kitu na mara elfu moja mia nane. Kwenye kansa inazuia seli zisigawanyike, kwenye viungo inatuliza kinga iliyochanganyikiwa. Miaka ya 1950 mwanzoni waliona dawa ya ukoo huo inawasaidia watu wa viungo, lakini wakati huo kila mtu macho yake yalikuwa kwenye kotisoni, dawa inayotuliza uvimbe haraka, ambayo ilikuwa imeshapata tuzo ya Nobeli mwaka 1950, methotreksati ikaachwa pembeni mpaka miaka ya 1980. Utafiti wa dokta Michael Weinblatt ulitoka mwaka 1985, na mwaka 1988 ikaruhusiwa Marekani kwa baridi yabisi. Leo ndo dawa ya kwanza duniani kote kwa ugonjwa huu.

Naomba mnisikilize hapa kwa makini kabisa. MARA MOJA KWA WIKI. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, mgonjwa kasahau, au karatasi imeandikwa vibaya, au mwuzaji wa dawa kazoea kusema "moja kila siku." Chagua siku, mfano Jumatatu, iandike kwenye boksi lenyewe, na dawa ya foliki asidi umeze siku ambayo daktari amekwambia. Ukipewa septrini kwa ugonjwa mwingine sema kwanza kwamba unatumia methotreksati maana zikikutana zinaweza kuangusha damu yako vibaya sana. Na dada zangu, dawa hii haiendi na mimba, ongea na daktari mapema kabla ya kupanga mtoto.

Huyu mgonjwa tunamtambuaje? Anaamka asubuhi vidole vimekakamaa hawezi kufunga ngumi, hawezi kushika kitasa, na inachukua zaidi ya nusu saa, wengi zaidi ya saa nzima, ndo vinalegea. Viungo vidogo vya mikono na miguu, kushoto na kulia, vimevimba na ukivibonyeza ni laini vina joto. Hiyo ni tofauti na kuchakaa kwa gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ambako kukakamaa ni kwa dakika chache na maumivu yanakuja ukitembea sana, jioni ndo mbaya. Mgonjwa wa baridi yabisi akifika ndani ya miezi michache ya mwanzo akaanza dawa, mara nyingi mifupa yake inaokoka. Akifika baada ya miaka miwili vidole vimeshapinda, dawa itazuia kuendelea lakini haitanyoosha kilichopinda.

Na sio dawa tu, ni kufuatiliwa. Kuna utafiti ulifanyika Glasgow, ukatoka mwaka 2004, wagonjwa 110. Nusu waliendelea na kliniki ya kawaida kila miezi mitatu, nusu waliitwa kila mwezi, viungo vinahesabiwa kimoja kimoja, na kama ugonjwa haujatulia dozi inapandishwa pale pale hakuna kusema tutaona. Dawa zilikuwa za kawaida, hakuna za gharama mpya. Baada ya miezi 18 waliotulia kabisa walikuwa asilimia 65 kwa kundi la kila mwezi na asilimia 16 kwa wale wengine. Mimi nikisoma hivyo naona ni aibu kwa kliniki yoyote kumwambia mgonjwa ambaye bado amevimba "endelea na dawa zile zile, njoo baada ya miezi sita."

Kotisoni na ndugu zake, steroidi, zina nafasi yake, zinatuliza moto haraka wakati methotreksati bado haijashika, maana inachukua wiki kadhaa. Shida ni mtu kuzifanya chakula cha kila siku miaka na miaka, anajisikia vizuri, uso umenenepa, anasema dawa hii ndo yenyewe, huku mifupa inakuwa laini na kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu, anarudi kwetu sio kwa sababu ya baridi yabisi tena, anarudi kubadilishiwa nyonga. Zile dawa za dukani zisizo na maelezo zinazoponya viungo vyote kwa siku mbili, mara kwa mara zikipimwa zinakutwa na steroidi ndani.

Sasa ile seli niliyoitaja mwanzo. Inaitwa osteoklasti, ni ya ukoo wa seli za damu, kazi yake halali ni kula mfupa mzee ili mpya ujengwe. Inaamshwa na protini inaitwa RANKL. Kwenye baridi yabisi utando wa kiungo uliovimba unatoa RANKL nyingi, osteoklasti zinaamka zinatafuna kingo za mfupa, ndo yale matundu tunayoyaona kwenye eksirei za vidole. Mwaka 2001 watafiti walitumia panya wasio na RANKL kabisa, wakawasababishia ugonjwa wa viungo, viungo vikavimba kama kawaida lakini mfupa haukuliwa. Na kansa ya titi ikifika kwenye mfupa inafanya hivyo hivyo, haitafuni yenyewe, inaziamsha osteoklasti zitafune, na mfupa unapoliwa unaachia virutubisho vinavyoinenepesha kansa, nayo inaamsha nyingine. Dokta Stephen Paget kule London aliona mwaka 1889, baada ya kupitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa kansa ya titi, kwamba kansa haisambai ovyo, ni mbegu inayohitaji udongo wake, na mfupa ni udongo mzuri mno. Na hili naomba wakubwa mlisikie, kwa mtu mzima kansa nyingi tunazozikuta kwenye mfupa hazikuanzia hapo, zimetoka kwenye titi, tezi dume, mapafu, figo au tezi ya shingo. Mzee mwenye maumivu ya mgongo usiku asiangaliwe mgongo tu.

Kwa sababu wameijua hiyo RANKL, ikatengenezwa denosumabu ya kuizuia. Inawapunguzia kuvunjika mifupa wagonjwa ambao kansa imefika kwenye mfupa, inasinyaza ule uvimbe wa seli kubwa ambao sio kansa lakini unakula mfupa vibaya, na Japani inatumika hata kwa baridi yabisi. Dawa nyingine kubwa za baridi yabisi ni zile za kuzuia TNF, protini inayochochea uvimbe kwenye viungo, zilizotokana na kazi ya watafiti Marc Feldmann na Ravinder Maini, mgonjwa wa kwanza alipewa London mwaka 1992. Zimebadilisha maisha ya watu, ila lazima upimwe TB kwanza, maana TB iliyolala inaweza kuamka.

Kuchakaa kwa gegedu sitakaa sana. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito vinafanya kazi kuliko watu wanavyoamini. Kuingiza kamera na kuosha goti lililochakaa, mwaka 2002 dokta Bruce Moseley na wenzake waliwafanyia wagonjwa 180, wengine upasuaji wa kweli, wengine walichanjwa ngozi tu wakashonwa, na waliopata nafuu hawakutofautiana. Kwa hiyo ukishauriwa hivyo kwa goti la uzee, uliza kwa nini. Na kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kina moto, una homa, hutaki hata kiguswe, hicho kinahitaji hospitali siku hiyo hiyo, kivutwe maji yapimwe, maana usaha unaua gegedu ndani ya siku chache. Jongo, yaani gauti, nayo inaweza kufanana hivyo, ndo maana maji yapimwe, tusikisie.

Kubadilisha nyonga kwa kuweka ya chuma nako kuna asili kwenye uvimbe. Mwaka 1940 Austin Moore na Harold Bohlman kule Marekani walimtoa mgonjwa sehemu ya juu ya mfupa wa paja uliokuwa na uvimbe wa seli kubwa wakaweka chuma, ilikuwa moja ya nyonga za kwanza za chuma duniani. John Charnley wa Uingereza akaja na kikombe cha plastiki, cha kwanza kilikuwa cha Tefloni, kikasagika na chembe zake zikaleta uvimbe mbaya, wagonjwa wengi ikabidi wafunguliwe tena. Alijichoma mwenyewe chembe za Tefloni kwenye paja ili aone, zikavimba kweli. Mwaka 1962 akatumia plastiki ngumu zaidi na ndo msingi wa nyonga za leo. Chembe zinapoleta uvimbe, nani anakula mfupa mpaka chuma kinalegea? Osteoklasti tena.

Kwenye vyuma vya kansa adui mkubwa ni maambukizi. Madaktari wengi walikuwa wanawapa wagonjwa antibayotiki siku nyingi baada ya upasuaji kwa hofu. Utafiti wa PARITY, wagonjwa 604 katika nchi 12, ulitoka 2022, ukalinganisha siku moja na siku tano. Maambukizi yalikuwa karibu sawa, asilimia 16.7 na 15, na waliopewa siku tano walipata madhara zaidi ya antibayotiki. Hofu yetu ilikuwa inawaumiza.

Kuna mama kabla sijaanza aliniuliza, mtoto akimaliza kemo na upasuaji umepona, anafuatiliwa mpaka lini. Mama yangu, miaka miwili ya kwanza mapafu yanapigwa picha kila miezi mitatu hivi, baada ya hapo yanaachiana, lakini angalau miaka kumi. Na kansa ikirudi kwenye mapafu sio mwisho, vinundu vikiwa vichache vinapasuliwa vinatolewa na wapo waliopona kabisa baada ya hapo, kwa hiyo usikubali kuambiwa nendeni nyumbani kabla ya daktari wa kifua kuziona picha. Moyo unapimwa kwa sababu ya doksorubisini, masikio na figo kwa sababu ya sisplatini. Omba hospitali ikuandikie kwenye karatasi jumla ya dozi ya doksorubisini aliyopata, wengi wanapata miligramu 450 kwa mita ya mraba, itunze na vyeti vyake vya kuzaliwa, maana akiwa na miaka thelathini akienda kwa daktari wa moyo au akiwa mjamzito, hilo ndo swali la kwanza ataulizwa na hatakuwa analikumbuka.